Kununua Gari la Zamani la Dizeli Lenye Injini Mbovu: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Kigoma

Land Cruiser Hardtop ya miaka ya tisini yenye injini iliyokufa haikosi mteja Kigoma. Anayebeba dagaa kutoka Kibirizi anaitaka, anayeteremsha maharage na ndizi kutoka Kasulu na Manyovu anaitaka, na mwenye michikichi kijijini ambako lami haijafika anaitaka zaidi ya wote. Chesisi yake ni ngumu, injini haina kompyuta, na mafundi wanaijua. Ikiwa nzima bei yake inatisha, ndiyo maana mtu mwenye fedha ya wastani hujikuta amesimama mbele ya ile iliyoegeshwa chini ya mwembe, mwenye gari akimwambia: "Ni gasketi ya hedi tu. Ukibadilisha, unaondoka nalo."

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Bei ya gari bovu ipangwe kwa ugonjwa uliouthibitisha mwenyewe; na pale usipoweza kuthibitisha, ipangwe kwa ugonjwa mkubwa kuliko yote unaowezekana. Wauzaji wengi hawana nia mbaya. Wanarudia walichoambiwa na fundi wao, na huenda gasketi, ile ya kuziba kati ya bloku na hedi (sehemu ya juu ya injini), kweli imeungua. Lakini gasketi huungua kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo inayomaliza fedha za mnunuzi.

Uliza injini kabla ya kupanda gari kwenda kuliona

Piga simu kwanza. "Shikamoo mzee, lile gari lina injini gani?" Unataka jibu la herufi na namba. Likiwa "ni dizeli tu, ya Kijapani", omba kijana wake apige picha ya kibati kilichopo ndani ya boneti.

1HZ ndiyo ningeitanguliza. Ina lita 4.2 na silinda sita, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), na imekuwemo kwenye Land Cruiser tangu 1990. Spea zake zinapatikana, na ikitunzwa maji na oili inadumu sana. Udhaifu wake ni joto: ikichemshwa, hedi hupata nyufa karibu na vyumba vidogo vya kuanzia moto na katikati ya vali. Pia inatumia mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT huwaka kwenye dashibodi kuukumbusha. Wengi huizima taa hiyo bila kugusa mkanda.

Familia ya L, yaani 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, ndiyo ya Hilux na Hiace za zamani. Kwa mfuko mdogo, Hilux yenye 3L ni chaguo la busara kuliko Land Cruiser uliyoinunua kwa kujinyima ukashindwa kuitengeneza. Ina silinda nne tu, kwa hiyo pistoni ni nne na nozeli, za kunyunyizia dizeli, ni nne. Tofauti hiyo utaiona dukani.

2L-T, 2L-TE na 1KZ-TE, zile za Hilux Surf na Prado, zina tabo na zinajulikana kwa kupasua hedi. Prado ya 1KZ ikisemwa "ilichemsha kidogo", weka hedi mpya kwenye hesabu yako tangu dakika hiyo. Nissan TD27 ina sifa moja nzuri sana: taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. Tatizo ni kwamba spea zake hazijatapakaa kama za Toyota. Land Rover Defender ya 300Tdi ni gari zuri kwa mwenye fundi anayeijua. Kama huna, iache. Injini za D-4D zenye nozeli za umeme ziweke kando kabisa kwa safari hii, maana zinahitaji vifaa vya kupimia ambavyo gereji nyingi za mikoani hazina.

Karatasi kabla ya boneti

Sugua vumbi na grisi upande wa kulia mbele, kwenye chesisi karibu na gurudumu. Toyota nyingi za aina hii namba ya chesisi imegongwa hapo. Ilinganishe na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu, kisha tafuta namba ya injini kwenye bloku nayo uilinganishe. Ukiona alama za kulehemu au za kusaga kuzunguka namba, funga boneti, aga kwa heshima, ondoka.

Mkoa wetu una jambo lake ambalo mnunuzi wa Morogoro hakutani nalo mara kwa mara. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zimeleta magari mengi ya mashirika, na magari hayo yakichoka huuzwa, mara nyingi kwa mnada. Ni magari mazuri kuyafuatilia. Yamekimbizwa barabara mbaya, ndiyo, lakini mengi yana daftari la matengenezo linaloonyesha kila oili iliyomwagwa. Liombe daftari hilo. Pamoja nalo uliza swali la kodi: gari lililoingia nchini kwa msamaha linadaiwa ushuru pale linapohamia kwa mtu asiye na msamaha, na ushuru huo unaweza kuzidi bei uliyolinunulia. Usinyanyue mkono mnadani kabla hujajua nani analipa TRA. Kumbuka pia kwamba tangazo la mnada husema mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Ukishalipa, huna pa kurudi.

Jambo la pili letu ni mpaka. Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukikutana na gari la usukani wa kushoto, linauzwa bei ya chini ajabu na namba zake za Tanzania "bado zinafuatiliwa", hilo si gari la kununua.

Mwenye jina kwenye kadi ndiye anayeuza. Kama amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua mkononi. Mtoto mkubwa wa marehemu pekee hatoshi, hata akiwa mtu mwema. Dalali alipwe udalali wake, fedha ya gari isipite mikononi mwake. Angalia pia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, kwa kuwa deni hilo linafuata gari.

Chesisi na bodi, kwa haraka

Injini hutengenezeka. Chesisi iliyooza ni habari nyingine. Lala chini na bisibisi, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, zaidi sana kwenye makalio ya springi na sehemu zilizowahi kulehemiwa. Gari lililobeba samaki wabichi na barafu huliwa bati la nyuma kutoka ndani, hivyo inua zulia na mbao. Zungusha usukani, tikisa magurudumu, tazama kama difu na giaboksi vinavuja. Andika kila kasoro, maana kila moja ni fedha.

Injini ikiwa baridi: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Mwambie muuzaji jana yake: "Naomba asubuhi lisiwashwe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja kwenye bloku. Likiwa na joto, kuna kitu kinafichwa, mara nyingi ugumu wa kuwaka. Rudi siku nyingine.

Fungua rejeta ikiwa baridi, wala usithubutu kufungua ikiwa ya moto. Maji yenye utando wa oili yanaonyesha oili na maji vimekutana. Tope jekundu ni kutu ya miaka ya kutumia maji matupu, na lina maana kwamba njia za maji ndani ya bloku na rejeta zimeziba. Maji meupe safi kabisa kwenye gari lililosimama miezi mitatu nayo yana maana: yamemwagwa jana.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Oili nyepesi yenye harufu ya dizeli na iliyopanda juu ya alama inaonyesha dizeli inashuka kwenye oili, pengine kutoka kwenye nozeli mbovu. Oili mpya iliyo nzito isivyo kawaida naiogopa zaidi kuliko oili nyeusi, kwa sababu oili nzito hunyamazisha beringi zinazogonga. Oili nyeusi kwenye dizeli ni jambo la kawaida.

Sasa washa, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na wewe ukiwa umekaa pembeni. Subiri taa ya hita plagi (plagi za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha) izime, kisha piga stata. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa ndani. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi ina ufa. Maji yakiruka juu kwa nguvu, zima. Huna haja ya kuendelea, umeshajua kwamba kwa uchache hedi lazima ivuliwe.

Moshi usome kwa subira. Mweupe unaochoma macho asubuhi ni dizeli isiyoungua; ukiisha injini ikipata joto, huenda ni hita plagi tu, ukiendelea basi ni kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ndogo au taimingi ya pampu. Mweupe wenye unyevunyevu usio na harufu kali, unaoambatana na maji kupungua, ni maji yanayoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi unaotoka ukikanyaga ghafla ni dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa lililoziba, nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, au pampu iliyofunguliwa na mtu aliyetaka nguvu zaidi. Moshi mweusi ndio wa bei nafuu kuliko yote, ingawa unatisha kuliko yote.

Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikicheza kidogo palepale, vizuri. Kikirushwa, na moshi ukitoka kwa mapigo pale tunduni, gesi inapita kwenye ringi za pistoni na kuingia chini. Silinda zimeliwa. Hapo neno gasketi lisahauliwe, unazungumzia ovahoo nzima, yaani kufungua injini yote na kuitengeneza upya.

Sikiliza mlio. Nozeli mbovu inagonga kwa ukali, juu, kama nyundo ndogo. Beringi ya konrodi inagonga chini, kwa uzito, na mlio huongezeka injini ikipata joto na ukiipa mzigo. Fundi anaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, akiwa na kitambaa na bila kuweka mkono mbele ya dizeli inayoruka, maana dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Mlio wa nozeli hufa kabisa silinda yake ikikosa mafuta. Wa beringi hupungua au hubadilika, lakini mara nyingi hauishi. Hapohapo mwombe afunge geji ya presha ya oili moja kwa moja kwenye bloku. Geji ya dashibodi ya gari la umri huu siitegemei.

Kama gari linatembea, lipandishe mlima. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya Kasulu inapanda hadi mamia ya mita juu ya hapo. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho. Panda na watu wawili watatu ndani, ukitazama geji ya joto. Gari linalotulia kwenye tambarare ya Mwanga linaweza kuchemka kabla hujamaliza kilima cha pili. Wakati wa kushuka tumia gia, halafu kanyaga: wingu la bluu la mara moja linaonyesha sili za vali zimekufa, jambo dogo.

Baada ya mlima, zima, subiri dakika kumi, washa tena. Gari linalowaka vizuri likiwa baridi na kukataa likiwa la moto linakuambia habari za pampu. Mwaga maji baridi juu ya kitambaa ulichofunika pampu, ngoja kidogo, jaribu. Likiwaka, pampu imelika ndani. Pampu za injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta ya kidumu yenye maji au yaliyochanganywa na mafuta ya taa huzimaliza pole pole.

Mwisho ni kupima kompresheni, na hapa usikubali kubembelezwa. Geji ya petroli haifai, inaishia chini sana; inatakiwa ya dizeli, inayofungwa kwenye tundu la hita plagi. Kwa injini za L, silinda nzima inatakiwa kusoma psi (kipimo cha presha) 455 au zaidi, isishuke chini ya 284, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Betri iwe imejaa, la sivyo namba zote zitakuwa za uongo. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini wakati nyingine ni nzuri, gasketi imeungua katikati yake. Zote zikiwa chini kwa pamoja, injini imechoka.

Kama haliwaki kabisa

Usikubali livutwe kwa kamba ili liwake. Mkanda uliolegea huruka meno, vali zikagonga pistoni, na utabishana nani kaua injini. Toa hita plagi zote, kisha fundi azungushe injini kwa spana kwenye bolti ya krenki. Ikizunguka laini, piga stata uone kinachotoka matunduni: maji yakiruka kwenye tundu moja, umeipata silinda yenye ufa. Ikigoma kuzunguka hata plagi zikiwa nje, ihesabu kuwa imeshika, na bei iwe ya bodi na chesisi peke yake. Fungua pia kava la mkanda uone kama upo. Hesabu vitu vinavyopotea gari likisimama muda mrefu: stata, altaneta, pampu, nozeli, hata rejeta.

Hesabu ya bei

Chukua mfano huu kama njia ya kufikiri, kwa sababu bei zenyewe utaziuliza wiki unayonunua. Tuseme gari kama hilo likiwa zima, hapa mjini, linauzwa shilingi milioni 30. Ovahoo kamili umeambiwa milioni 7, pampu na nozeli 2, rejeta na mipira ya maji 1, betri na matairi 2 na nusu, kulivuta na kubadilisha umiliki 1. Jumla ni milioni 13 na nusu. Ongeza theluthi moja ya dharura, milioni 4 na nusu. Umefika 18. Kwa hiyo bei yako ya mwisho ni 12, hata muuzaji akiapa kwamba ni gasketi tu.

Theluthi hiyo usiikate hata kidogo. Mnunuzi akiikata ili bei ikubalike, gari hubaki gereji bila hedi miezi sita, na spea huanza kuchomolewa moja moja kwenda kwenye magari mengine.

Muuzaji akishikilia kuwa tatizo ni dogo, mpe pendekezo la haki. "Mzee, nalipa gharama ya kuvua hedi, fundi wangu na wako wakiwepo. Ikiwa ni gasketi, nanunua kwa bei yako. Ikiwa zaidi, nanunua kwa bei yangu. Tusipoelewana, nairudisha hedi kwa gharama yangu." Liandikwe, lisainiwe. Gharama ya kuvua hedi na gasketi ya kurudishia ni ndogo ukilinganisha na kununua usichokijua. Anayeamini maneno yake hukubali.

Mkikubaliana, mkataba wa mauziano ufanywe mbele ya wakili, wenye namba ya chesisi, namba ya injini, hali ya injini kama mlivyoiona, na fedha ipite benki. Anza kubadilisha umiliki TRA mara moja, gari likiwa bado bovu. Watu husubiri lipone kwanza, na muuzaji anahama mkoa.

Kutengeneza: pima kwanza, nunua baadaye

Fundi wako awe ameshafungua injini ya aina hiyo, na awe na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Asiye nayo, anayekaza hedi kwa kuhisi mkono, asiguse hedi yako. Malipo yake yawe ya kazi nzima kwa awamu, si ya siku.

Hedi, bloku na krenki visafishwe na kupimwa kabla ya kuagiza kitu chochote. Hedi ipimwe kwa presha ili ufa uonekane, kisha ipimwe unyoofu; kwa injini hizi mpindo wa takriban milimita 0.20 ndio mwisho, na kuisaga ovyo kunaharibu mkao wa vali. Silinda ipimwe juu, katikati na chini. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa ni kupoteza fedha, moshi utarudi kabla msimu wa mvua haujaisha. Ikibidi kubori, yaani kupanua silinda, kwenda saizi ya milimita 0.50, pistoni mpya ziende pamoja na bloku kwa fundi wa mashine, kwa sababu silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopo mkononi. Mashine ikiwa haipatikani karibu, vifaa hupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, na vifungwe kwenye sanduku la mbao. Krenki iliyoangushwa stendi haifai tena.

Agiza spea zote kwa mara moja. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilomita 1,254, barabara nayo si fupi, na kila gasketi iliyosahauliwa ni siku kadhaa za kusubiri basi. Tuma picha za spea za zamani pamoja na namba za injini na chesisi kwa mwenye duka. Gasketi, beringi, pistoni na mkanda wa taimingi nunua bora uwezavyo, na uombe risiti. Altaneta, stata na mabano yanaweza kuwa ya mtumba bila wasiwasi.

Kuna kosa moja linalorudisha magari gereji, nalo ni unene wa gasketi ya hedi. Injini nyingi za dizeli za Toyota zina gasketi za unene tofauti, zenye alama ya herufi au mikato pembeni. Unaochaguliwa hutegemea pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku, jambo linalopimwa kwa geji ya saa. Kuchukua yoyote iliyopo dukani, hasa baada ya kusaga uso wa bloku, ni kuhatarisha pistoni kugonga vali au kompresheni kushuka. Mwulize fundi pistoni imechomoza kiasi gani. Asipokuwa na namba, hajapima.

Themostati, vali inayofunguka maji yakipata joto, irudishwe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu gereji zetu nyingi huitoa zikiamini injini itapoa. Kwenye Toyota hizi themostati pia huziba njia ya mkato ya maji ikishafunguka. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemka. Rejeta yenyewe ifunguliwe na kusafishwa matundu, au ibadilishwe. Feni ikaguliwe, kifuniko cha rejeta kiwe kipya, na ndani kuwe na kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta) badala ya maji ya bomba. Ikiwa joto ndilo lililoua hedi ya kwanza, hedi mpya bila kazi hii itakufa vilevile.

Nozeli na pampu zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Tangi lishushwe, lioshwe, chujio libadilishwe, na kila wiki utoe maji chini ya chujio. Pampu iliyotengenezwa haitadumu ikiendelea kunywa uchafu wa tangi lilelile.

Ovahoo ikizidi uwezo, injini ya mtumba ni njia halali. Inunue ukiwa umeiona ikiwashwa au umeipima kompresheni, pamoja na pampu yake, na uwe na risiti. 3L kuingia palipokuwa na 2L ni kazi nyepesi kwa kuwa ni familia moja. Namba ya injini ikibadilika, peleka taarifa TRA ili kadi isomeke sawa na gari, la sivyo siku ya kuuza, wewe ndiye utakayetiliwa shaka.

Kuwasha na kuizoesha

Jaza oili, kwa 1HZ andaa lita kumi hivi za 15W-40. Toa hewa kwenye njia ya dizeli. Kabla ya kuruhusu mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi hadi presha ya oili ionekane kwenye geji, ili beringi mpya zisianze kavu. Ikishawaka, tazama uvujaji, tazama joto, kisha iingie barabarani siku hiyohiyo. Kuiacha ingurume saa nzima uani hakuizoeshi. Ringi hukaa vizuri kwa kupewa mzigo wa wastani, ukipandisha na kushusha mwendo. Usivute trela na usikimbize kwa kilomita 1,000 za kwanza.

Kwenye kilomita 500 mwaga oili na ubadilishe chujio. Chembe ndogo za chuma utaziona, ni za kawaida mara hii ya kwanza. Kwenye 1,000 fundi apime nafasi za vali, akague mkanda, na aangalie kama maji yamepungua asubuhi injini ikiwa baridi. Yakiwa palepale, na mlima wa Kasulu umeupanda geji ikiwa imetulia, pakia mzigo. Oili inayofuata ni kwenye 5,000, na tarehe ya mkanda mpya iandike kwa rangi kwenye kava lake.